Futari ya Ujiji Huja Baadaye: Kujua Ulipo kwa Jua, Nyota na Sekstanti

Jioni ya Ramadhani, mtu wa Ujiji akiiacha redio wazi husikia adhana ya magharibi ikitangazwa kutoka Dar es Salaam huku kwake jua bado limekaa juu ya milima ya Kongo. Dar wanakunywa uji. Yeye anaitazama tende. Atangoja kama dakika 40 hivi, wala hakuna anayeshangaa, maana Kigoma nzima inajua kuwa jua la huku huchelewa kuzama. Lakini ndani ya dakika hizo 40 limo jibu la swali lililowatesa mabaharia kwa karne nyingi: nitajuaje niko umbali gani mashariki au magharibi, na maji yote yanafanana?

Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24. Hiyo ni digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kila dakika nne. Dar es Salaam iko karibu digrii 39.3 mashariki, Ujiji karibu 29.7. Tofauti ni digrii 9.6, zidisha kwa nne, unapata dakika 38 na ushei. Mfungaji wa Ujiji amepima longitudo kwa njaa yake.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kujua zaidi ya hapo: sekstanti ni nini, ilitumikaje kwenye ziwa letu la Tanganyika, na mwanafunzi au mwalimu aliyeko Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, anaweza kujipimia nini kwa fimbo, uzi na saa ya mkononi.

Chombo chenyewe

Sekstanti hupima pembe, basi. Haionyeshi kaskazini kama dira, wala haina ramani ndani yake. Ina fremu yenye umbo la kipande cha duara, na ukingo wa chini wa kipande hicho ni tao lililochorwa digrii. Mkono mmoja umefungwa kwenye ncha ya juu, nao huteleza juu ya tao. Kwenye mkono huo kuna kioo. Mbele yake, kwenye fremu, kuna kioo kingine kidogo ambacho nusu yake huakisi na nusu yake ni wazi. Unachungulia kwa darubini ndogo: kupitia nusu iliyo wazi unauona upeo wa macho, pale maji yanapokutana na anga, kupitia nusu inayoakisi unaliona jua au nyota iliyorushwa kutoka kioo cha kwanza.

Kazi ya mpimaji ni kuusogeza mkono mpaka jua "lishuke" na ukingo wake wa chini uguse maji. Kisha anakibembeza chombo kidogo, kushoto na kulia, jua linachora kama bakuli, na pale chini kabisa ya bakuli ndipo linapotakiwa liguse. Anasoma pembe kwenye tao, anaandika na saa, palepale, hadi sekunde. Kabla ya yote huwa ameteremsha vioo vya giza, kwa sababu jua kupitia darubini huharibu jicho kwa muda mfupi sana. Tena huwa ameanza kwa kuurudisha mkono kwenye sifuri na kutazama kama upeo wa macho unaonekana mstari mmoja ulionyooka. Ukionekana umekatika kama ngazi, chombo kina hitilafu, na hitilafu hiyo itajumlishwa au kutolewa kwenye kila kipimo.

Kioo kikigeuzwa digrii moja, mwale unaoakisiwa hugeuka digrii mbili. Ndiyo sababu tao la digrii 60 limeandikwa namba hadi 120 na kuzidi kidogo. Jina limetokana na neno la Kilatini la sehemu ya sita, maana digrii 60 ni sehemu ya sita ya duara.

Siri yake kubwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye namba hizo. Ni kwamba jua na upeo wa macho huonekana pamoja katika jicho moja. Chombo kikiyumba, mkono ukitetemeka, picha zote mbili huyumba pamoja na jua hubaki palepale juu ya maji. Vyombo vya awali vilimtaka mtu atazame vitu viwili kwa wakati mmoja, au ategemee uzito unaoning'inia, na melini uzito unaoning'inia ni pembea.

Kabla ya vioo

Watu wa pwani yetu hawakungoja vioo. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kamali, ubao mdogo wenye uzi wa mafundo katikati. Unauma fundo kwa meno, unaunyoosha ubao mbele mpaka uzi ukaze, ukingo wa chini unagusa bahari na wa juu unagusa nyota. Kila fundo ni bandari. Walipima kwa "vidole", na kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kaskazini walitumia Jaa, nyota ya kaskazini. Ukivuka ikweta kuja kusini Jaa huzama, hivyo wakageukia nyota za upande wa pili, ikiwemo Suheli, ambayo katika Kiswahili cha mabaharia jina lake lilikuwa pia jina la upande wa kusini.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, alipewa rubani aliyemvusha hadi Calicut kwa siku 26, kuanzia 24 Aprili hadi 20 Mei. Mwandishi Mreno João de Barros anasimulia kuwa rubani huyo alionyeshwa vyombo vya Wareno vya kupimia jua wala hakushangaa, kisha akawaonyesha vyake vya mbao. Barros anamwita "Malemo". Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo: ni mwalimu, cheo cha mjuzi wa njia za bahari. Jina la Ahmad ibn Majid, bingwa kutoka Julfar, hutajwa mara nyingi hapa, ingawa wanahistoria wengi siku hizi wamelikataa.

Vioo vilikuja baadaye. Mwaka 1731 John Hadley wa Uingereza aliwasilisha chombo chake chenye tao la digrii 45, na Thomas Godfrey wa Philadelphia alikuwa amefikia wazo lilelile kivyake. Mwaka 1757 nahodha John Campbell alitaka tao kubwa zaidi, kwa sababu alikuwa akipima umbali kati ya mwezi na nyota na digrii 90 hazikumtosha. Fundi John Bird akamtengenezea. Hiyo ndiyo sekstanti, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Sekstanti inafika Ujiji

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika ziwani Februari 1858. Burton alikuwa amedhoofishwa na homa hata kutembea hawezi, Speke macho yalikuwa yamevimba haoni vizuri, na Speke ndiye aliyekuwa na kazi ya kupima. Mtu mwenye macho mabovu anatakiwa aishushe nyota kwenye kioo cha ukubwa wa sarafu.

Hata macho yangekuwa mazima, Ujiji ingemsumbua. Sekstanti inataka upeo wa macho wa maji matupu. Simama ufukweni Ujiji utazame magharibi: ziwa lina upana wa kama kilomita 50, ng'ambo kuna milima ya Kongo, na kiangazi kuna ukungu wa moshi wa mashamba. Mstari safi wa maji na anga haupo. Wasafiri wa bara walibeba dawa ya tatizo hilo, nayo ni zebaki. Waliimimina kwenye kisahani, wakakifunika kwa kibanda cha vioo kuzuia upepo, na zebaki ikatulia ikawa kioo kilicholala sawasawa kuliko chochote ambacho fundi angeweza kukipima kwa pimamaji. Badala ya kushusha nyota hadi majini, wanaishusha hadi ikutane na taswira yake ndani ya zebaki. Pembe wanayoisoma ni mara mbili ya kimo, kwa hiyo wanaigawa kwa mbili.

Sasa angalia shida inavyozaa shida. Kigoma iko karibu digrii 4.9 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hapa haliteremki chini ya digrii 61 mwaka mzima, hata mwezi Juni linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini. Zidisha kwa mbili: zaidi ya digrii 122. Tao linakaribia kwisha, au limekwisha. Kipimo ambacho baharia wa Ulaya alikifanya kila siku bila kufikiri, jua la saa sita, kwenye nchi kavu ya kwetu kwa kawaida hakikufanyika. Waliokuja hapa walikesha na nyota kwa sababu hiyo.

Na nyota nzuri ya kukesha nayo ni Suheli. Iko digrii 52.7 kusini mwa mstari wa ikweta ya anga, inang'aa kuliko nyota zote isipokuwa Sirius, na ikifika kilele chake juu ya Ujiji kimo chake ni digrii 42 tu na kidogo. Mara mbili yake ni 84. Sekstanti inaipokea kwa raha.

Saa zilizoanguka

Kaskazini na kusini, basi, ni kazi ya usiku mmoja wenye anga safi. Mashariki na magharibi ni kazi ya saa. Unahitaji kujua, wakati uleule nyota inapofika mahali fulani kwako, ni saa ngapi Greenwich, Uingereza, kwenye longitudo sifuri. John Harrison alitengeneza saa iliyoweza kuvuka bahari bila kupotea na ikajaribiwa melini mwaka 1761 na 1762, lakini safari ya meli na safari ya kichwani kwa mpagazi ni vitu viwili. Dakika moja ya kosa ni robo ya digrii. Hapa kwetu hiyo ni kilomita 28, umbali kama wa Kigoma hadi Kidahwe kwa barabara.

Saa za Burton na Speke ziliharibika njiani. Speke akafunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa inchi 39, karibu mita moja, akaining'iniza. Uzi wa urefu huo huenda upande mmoja kwa sekunde moja. Mtu mmoja anahesabu mipigo, mwingine yuko kwenye sekstanti, na hivyo wakapata sekunde bila saa. Njia hiyo unaweza kuijaribu leo chini ya mwembe: nati nzito, uzi wa sentimeta 99 kutoka ulipofungwa hadi katikati ya nati, na usiurushe kwa nguvu.

Risasi inahesabu sekunde lakini haijui Greenwich ni saa ngapi. Kwa hilo walitegemea mwezi. Mwezi huhama kati ya nyota, karibu nusu digrii kila saa, na toka mwaka 1767 Waingereza walichapisha kila mwaka kitabu cha majedwali kinachosema mwezi utakuwa umbali gani na nyota ipi saa ngapi. Mwezi unakuwa akrabu ya saa, anga ni uso wake. Tatizo ni kwamba akrabu hiyo inatambaa: ukikosea pembe kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, umekosea longitudo kwa kama kilomita 55.

David Livingstone alijifunza sekstanti kwa nahodha wa meli iliyompeleka Afrika Kusini mwaka 1840 na 1841, kisha akanolewa mjini Cape Town na mtaalamu wa nyota Thomas Maclear. Alikuwa mpimaji makini. Lakini mapema mwaka 1867, akiwa njiani kuelekea kusini mwa ziwa letu, mpagazi aliyebeba saa aliteleza akaanguka, saa zikapata mtikisiko, na vipimo vya longitudo vilivyofuata vikapotoka. Ramani nzima inasogea kwa sababu ya njia ya utelezi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo huwa silisikii likisemwa watu wanaposimulia habari za mwembe wa Ujiji. Kitabu cha Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, kinasema walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Homa zilikuwa zimewapotezea hesabu ya siku. Kwa msimulizi wa hadithi hiyo ni dosari ndogo, kwa mpimaji ni balaa: majedwali ya jua yanafunguliwa kwa tarehe. Tarehe 24 Oktoba jua liko digrii 11.7 kusini mwa ikweta, tarehe 10 Novemba liko digrii 17. Anayepima jua kwa tarehe isiyo sahihi hapo atakosea zaidi ya kilomita 550. Suheli haina tarehe. Iko palepale Oktoba na Novemba, mwaka huu na mwakani, na huo ni ubora wake mwingine.

Mwezi huohuo wa Novemba wanaume hao wawili walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kutazama mto Rusizi. Ulaya walikuwa wakibishana kama ziwa linamwaga maji yake kwenda Nili. Walikuta Rusizi inaingia ziwani. Hapo hakikuhitajika chombo chochote, yalihitajika macho na makasia.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na vyombo na karatasi zake kuelekea pwani. Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akavichukua vyombo vingi vya kupimia avitumie yeye. Watu waliovilinda vitu hivyo miezi yote hiyo, katika nchi ngumu, wakaendelea na mzigo wa maiti. Mwanzoni mwa 1874 Cameron alikuwa Ujiji, akapima, akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa, na Mei mwaka huo akauona mto Lukuga, mlango wa maji kutokea ziwani kuelekea Kongo. Mwaka 1876 Stanley alirudi na mashua yake Lady Alice, akalizunguka ziwa lote kwa siku 51.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kumchagua baharia wa Ziwa Tanganyika, ningemchagua Edward Coode Hore. Alikuwa na cheti cha unahodha, alifika Ujiji mwaka 1878 na wamisionari wa London, na wengine walipokuwa wakipita yeye alikaa. Alisafiri pwani zote za ziwa mwaka baada ya mwaka, akachora ramani, tena akaweka alama ufukweni Ujiji kuona maji yanapanda au yanashuka. Yalikuwa yanashuka, kwa sababu Lukuga ilikuwa imefunguka. Ndiyo maana leo mgeni anayekwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley huuliza ziwa liko wapi: lilirudi nyuma likaiacha.

Kipimo cha Kidahwe

Huna sekstanti, na huihitaji ili kuelewa. Chukua kipimapembe cha kwenye kibweta cha hesabu, uzi wa kushonea na nati. Pitisha uzi kwenye tundu la katikati, funga nati chini: umepata timazi kama ya fundi mwashi. Bandika mrija wa soda kwenye ukingo ulionyooka. Ukichungulia nyota kupitia mrija huku ukingo huo ukiwa juu, uzi utaondoka kwenye 90. Kiasi ulichoondoka ndicho kimo cha nyota. Mwenzako ndiye asome, wewe shikilia jicho. Kamwe usichungulie jua kwa mrija huo, hata lifunikwe na wingu jepesi, hata kwa sekunde.

Suheli itafute mwezi Februari, usiku uliofuata mvua, anga likiwa limeoshwa. Geukia kusini. Katikati ya Februari hufika kilele karibu saa nne kasoro dakika kumi usiku. Mwanzoni mwa Machi, karibu saa tatu kasoro. Anza nusu saa kabla, pima kila baada ya dakika tano, na chukua kimo kikubwa kuliko vyote. Toa 37.3. Kinachobaki ndiyo latitudo yako kusini mwa ikweta. Ukiwa Kidahwe unatarajia karibu 5. Ukipata 4 au 6 usivunjike moyo, uzi wa nati hupeperushwa na upepo. Lakini jua kuwa digrii hiyo moja ni kilomita 111, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu walilipa fedha nyingi kwa chombo kinachosoma sehemu ya sitini ya digrii.

Longitudo unaitafuta mchana. Simika fimbo ya mita moja kwenye uwanja uliosawazishwa, ihakikishe kwa timazi. Karibu saa sita mchana weka alama kwenye ncha ya kivuli na uandike saa. Kwa kamba iliyofungwa chini ya fimbo, chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena. Ncha ikigusa duara mara ya pili, andika saa. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri ya jua lako.

Hapa wengi hushtuka. Kidahwe adhuhuri haiko saa sita. Iko karibu saa saba. Saa ya Tanzania imewekwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, na mstari huo hauigusi Tanzania hata kidogo. Unapita Somalia, si mbali na Mogadishu. Kwa hiyo hesabu dakika ngapi adhuhuri yako imechelewa baada ya saa sita kamili, gawa kwa nne, toa kwenye 45. Zikiwa dakika 61, ni 15.25, na wewe uko digrii 29.75 mashariki. Tahadhari moja: jua lenyewe si saa nzuri, huwahi au huchelewa hadi robo saa kulingana na majira. Chagua siku ambazo halina deni, nazo ni karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba. Mimi ningeichagua 13 Juni, maana Kigoma mawingu yamekwisha. Siku hiyo kivuli kifupi kabisa cha fimbo ya mita moja kitakuwa kama sentimeta 53, kimeelekea kusini. Pembe yake ni digrii 28.1, toa 23.2 ambazo jua limehamia kaskazini, na umepata 4.9 bila kungoja Suheli.

Ukiendelea na barabara kutoka Kidahwe, ama ya Kasulu ama ya Uvinza, utavuka mstari wa digrii 30. Pale adhuhuri huja, kwa wastani wa mwaka, saa saba kamili. Mstari huo umepimwa kwa taabu kuliko mingi duniani: mwaka 1879 mtaalamu wa nyota David Gill alipendekeza mlolongo wa vipimo vya pembetatu uufuate kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, na pengo la mwisho lilizibwa mwaka 1954.

Simu mfukoni

Nahodha wa boti la abiria kati ya Kigoma na vijiji vya kaskazini hana haja ya sekstanti, na siwezi kumdanganya kuwa anayo. Anaijua milima, anajua kusi la mwezi Julai linavyoamka, na ana simu yenye GPS. Maofisa wa meli za baharini bado hufundishwa kupima nyota, kwa kuwa mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia unadai hivyo, na mwanajeshi yeyote wa majini atakuambia GPS inaweza kuvurugwa. Kwetu hatari kubwa zaidi ni ndogo na ya kijinga: namba kusomwa vibaya.

Injini ikizima katikati ya ziwa na ukapiga simu kuomba msaada, utasoma namba mbili kwenye kioo. Makosa ni mawili. La kwanza ni kusahau "kusini", au ile alama ya kutoa iliyo mbele ya namba. Kigoma ni 4.88 kusini, ukisema 4.88 tu na anayekusikia akaiandika kaskazini, amekuweka Sudan Kusini, karibu na mji wa Maridi, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka ulipo. La pili ni kuchanganya dakika na desimali. Kigoma ni digrii 4 na dakika 53. Hiyo si 4.53, kwa sababu digrii moja ina dakika 60. Ukisema 4.53, waokoaji watakwenda karibu kilomita 40 kaskazini, wataipita Gombe, watakutafuta jirani na mpaka wa Burundi huku wewe ukielea mbele ya bandari. Sema: "nne nukta nane nane, kusini, ishirini na tisa nukta sita tatu, mashariki." Kisha mwambie arudie.

Na kama unataka kuanza na jambo jepesi kuliko yote, hata kipimapembe kiache nyumbani. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini mwa watu wa Kigoma, Ujiji na Kidahwe, karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba. Simika fimbo yako pale njia panda ya Kidahwe, pembeni, magari yasikusumbue. Tarehe 8 Machi uwe umeshafika saa saba kamili mchana, kwa sababu kivuli kitapotea kama dakika 12 baadaye. Oktoba usingoje saa saba: wakati huo jua linawahi, kivuli kitakwisha saa saba kasoro dakika kumi.